Barua kwa rafiki: kukagua umbo la faili za XML kwa xmllint

Rafiki yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Nimeyasoma maelezo yako kuhusu folda uliyokabidhiwa, yenye faili za XML (maandishi ya data yaliyopangwa kwa alama kama <jina>, ziitwazo tagi) zilizopitia mikono mingi, baadhi zikiwa zimetolewa na programu na nyingine zikiwa zimeandikwa kwa mkono katika kihariri cha kawaida. Umeniuliza namna ya kujua zipi ni nzima na zipi zimeharibika pasipo kuzifungua moja baada ya nyingine. Jibu langu ni programu ndogo ya teminali iitwayo xmllint. Hata hivyo nitatumia nafasi kubwa ya barua hii kukueleza namna ya kuyasoma majibu yake, maana kuiendesha ni kazi ya mstari mmoja, ilhali kuyaelewa majibu ndiko kunakowapotezea watu muda.

Programu hii ni sehemu ya maktaba ya libxml2, iliyoandikwa awali na Daniel Veillard kwa ajili ya mradi wa GNOME, na hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Kwenye kompyuta za Mac huwa imo tayari. Kwenye Debian na Ubuntu utaipata ndani ya kifurushi kiitwacho libxml2-utils. Ukishaipata, nenda kwenye folda yako na uandike:

xmllint --noout kitabu.xml

Neno --noout huiambia programu isikurudishie faili nzima kwenye kioo. Ukilisahau, nayo faili ikawa nzima, utamwagiwa maandishi yote ya faili hiyo mbele yako na utashindwa kujua kama hilo ni jibu zuri au baya. Ukiliweka, faili yenye umbo sahihi haitoi neno lolote: mshale wa amri unarudi, basi. Wageni wengi wa teminali hudhani kwamba hakuna kilichofanyika, wakairudia amri hiyo hiyo. Ikiwa ukimya huo unakutia shaka, andika echo $? mara tu baada yake, nawe utaona namba ambayo programu iliiacha ilipomaliza kazi. Sifuri maana yake faili imepita, na namba nyingine yoyote maana yake kuna kasoro.

Huenda ukajiuliza kwa nini programu zinazosoma XML ni kali kiasi hiki, wakati kivinjari huonyesha ukurasa wa HTML hata ukiwa umekosewa vibaya. Ukali huo ulikusudiwa. Kanuni za XML 1.0, zilizopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 10 Februari 1998, zinasema kwamba kosa la umbo ni kosa la kufisha: kichanganuzi, yaani programu inayoisoma XML, kikilikuta, hakiruhusiwi kuendelea kuipa programu data kama kwamba hakuna kilichotokea. Waandishi wa kanuni hizo walikuwa wameshaona jinsi vivinjari vilivyokuwa vikibahatisha nia ya mwandishi, kila kimoja kwa namna yake, nao hawakutaka data ipatwe na hayo. Kwa maoni yangu walifanya vyema, ingawa najua kwamba mtu aliyeamshwa usiku kwa sababu ya alama moja iliyopungua hatakubaliana nami.

Masharti ya umbo lenyewe si mengi. Lazima pawe na elementi (tagi ya kufungua, ya kufunga, na yaliyomo kati yake) moja tu ya juu inayozibeba nyingine zote. Kila tagi inayofunguliwa ifungwe, na ile iliyofunguliwa mwisho ifungwe kwanza, kama masanduku yaliyowekwa moja ndani ya jingine. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa tofauti, kwa hiyo <Jina> haiwezi kufungwa na </jina>. Thamani ya kila atributi (sifa iandikwayo ndani ya tagi, kama lugha="sw") iwe ndani ya alama za nukuu, wala atributi moja isitajwe mara mbili katika tagi moja. Alama za & na < zisiachwe wazi ndani ya maandishi. Kuna mengine madogo, mojawapo likiwa lile la vistari viwili mfululizo kukatazwa ndani ya maoni, jambo linalowanasa wale wanaojaribu kuficha kipande cha faili ambacho chenyewe tayari kina maoni ndani yake.

Sasa nije kwenye kusoma majibu. Chukua faili hii fupi:

<kitabu>
  <jina>Hesabu za mwaka
  <mwandishi>Hajulikani</mwandishi>
</kitabu>

Wewe unaona mara moja kwamba jina halikufungwa katika mstari wa pili. xmllint itakuambia hivi:

kitabu.xml:4: parser error : Opening and ending tag mismatch: jina line 2 and kitabu

Tazama kwamba namba iliyo mbele, baada ya jina la faili, ni 4. Huo ni mstari ambapo kichanganuzi kilitambua kwamba mambo hayaendi sawa, nao unaweza kuwa mbali sana na mahali pa kosa. Kichanganuzi husoma kutoka juu kwenda chini, na hakuna sheria inayokizuia kudhani kwamba mwandishi ni elementi iliyo ndani ya jina. Kinashtuka tu kinapoikuta tagi ya kufunga kitabu wakati kinachosubiri kufungwa ni jina. Habari yenye faida zaidi imo mwishoni mwa ujumbe: jina lililofunguliwa mstari wa 2 limekutana na kufungwa kwa kitabu. Katika faili ya mistari elfu kumi, namba hizo mbili zinaweza kuachana kwa maelfu, na anayekwenda kwenye ile ya kwanza peke yake atautazama mstari usio na hatia mpaka macho yamuume.

Chini ya ujumbe huo utakuta wa pili, unaodai kwamba data imekwisha kabla kitabu hakijafungwa. Mbona tagi ya kukifunga ipo? Ipo, lakini kichanganuzi kilikwisha kuitumia kufunga jina, na hivyo kikabaki kikikidai kitabu. Kosa la pili ni mtoto wa kosa la kwanza. Kwa sababu hiyo nakusihi ushike utaratibu huu: rekebisha ujumbe wa kwanza tu, endesha amri upya, kisha usome tena ujumbe wa kwanza. Faili inayotoa makosa arobaini mara nyingi huwa na moja au mawili ya kweli, na mtu anayeanza kuyarekebisha kutoka chini ataongeza tagi za kufunga mahali ambapo hazikuhitajika, na kuiacha faili ikiwa mbaya kuliko alivyoikuta.

Kosa utakalokutana nalo zaidi, nadhani, ni alama ya &. Mtu anaandika jina la kampuni lenye alama hiyo, au anabandika anwani ya tovuti yenye vigezo vilivyounganishwa nayo, na kichanganuzi kinaichukulia kuwa mwanzo wa rejeo la entiti, yaani jina fupi linalosimama mahali pa herufi au maandishi. Ikifuatiwa na nafasi, utaambiwa kwamba entiti haina jina. Ikifuatiwa na herufi, utaambiwa kwamba nukta-mkato ilitarajiwa. Dawa ni moja kwa hali zote mbili, nayo ni kuandika &amp; badala yake. Jamaa wa kosa hili ni &nbsp;, ambayo watu huihamisha kutoka HTML. XML yenyewe inazijua entiti tano tu bila kufundishwa: amp, lt, gt, apos na quot. Nyingine yoyote hukataliwa isipokuwa iwe imetangazwa kwenye DTD (kanuni za muundo wa faili), na mahali pa &nbsp; unaweza kuweka &#160; ukapata herufi ile ile.

Faili zilizopitia programu za kuandikia barua na ripoti huleta tatizo jingine, la nukuu zilizopinda. Atributi iliyozungushiwa nukuu hizo inaonekana safi kabisa machoni, lakini kichanganuzi kinatambua nukuu zilizonyooka peke yake. Vivyo hivyo kwa mstari wa kutangaza toleo la XML: ukiwepo, lazima uanze kwenye herufi ya kwanza kabisa ya faili, na mstari mmoja mtupu juu yake unatosha kuifanya faili nzima ikataliwe.

Jambo linalohitaji subira kubwa zaidi ni usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kama baiti. Faili isiyotangaza usimbaji wake, na isiyo na alama ya mwanzo inayoonyesha kwamba ni UTF-16, huchukuliwa kuwa ni UTF-8. Ikiwa iliandikwa katika Windows-1252, itasomeka vizuri mpaka itakapotokea herufi yenye alama juu yake au nukuu iliyopinda, hapo kichanganuzi kitalalamika kwamba baiti hizo si UTF-8 halali. Maneno ya malalamiko hayo hutofautiana kati ya toleo na toleo la libxml2, lakini maana yake ni ile ile. Usiifute herufi hiyo kwa haraka ili amri inyamaze. Jua kwanza faili iliandikwa kwa usimbaji gani, kisha uigeuze:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 kitabu.xml > kipya.xml

Iwapo faili ina tangazo la usimbaji, kumbuka kulisahihisha pia, ili lisipingane na yaliyomo. Jihadhari na hali ya kinyume, ambayo naiona kuwa ya hatari zaidi kwa kuwa haina kelele: faili iliyoandikwa kwa UTF-8 lakini ikatangaza kwamba ni ISO-8859-1. Katika usimbaji huo karibu kila baiti inakubalika, kwa hiyo xmllint haitasema kitu, huku kila herufi yenye alama ikigeuka kuwa herufi mbili za ajabu kwa yeyote atakayeisoma. Ukaguzi wa umbo hauwezi kukuokoa hapo. Itakubidi utazame maandishi kwa macho yako.

Kwa folda nzima, tumia amri hii, inayoingia hadi kwenye folda za ndani:

find . -name '*.xml' -exec xmllint --noout {} + 2> makosa.txt

Ujumbe wa makosa hupitia njia tofauti na matokeo ya kawaida, ndiyo maana nimeweka namba 2 kabla ya alama ya kuelekeza. Kila ujumbe huanza na jina la faili, hivyo ukifungua makosa.txt utajua pa kuanzia. Ukitaka orodha ya faili mbovu tu zilizomo katika folda moja, bila maelezo, hii itakufaa:

for f in *.xml; do xmllint --noout "$f" 2>/dev/null || echo "$f"; done

Usiziache zile nukuu zilizoizunguka $f, la sivyo faili yenye nafasi katika jina lake itakatwa vipande na kuhesabiwa kuwa haipo.

Uliniuliza pia kama faili iliyopita ukaguzi huu ni "sahihi". Ina umbo sahihi, na hilo ndilo pekee lililothibitishwa. Kama skima yako (faili ya kanuni za yaliyomo) inataka kila kitabu kiwe na mwaka wa kuchapishwa, faili isiyo na mwaka itapita bila neno, kwa sababu xmllint haijaambiwa lolote kuhusu vitabu. Kwa ajili hiyo unaongeza --schema pamoja na jina la faili ya skima, au --relaxng, au --valid kwa zile zinazotaja DTD. Ukitumia --valid, weka na --nonet ili programu isiende kwenye mtandao kuchukua DTD bila idhini yako. Lakini maliza kwanza umbo, maana kulinganisha na skima faili isiyosomeka ni kuchanganya makosa ya aina mbili mahali pamoja.

Utakuta watu wakikushauri utumie --recover, inayojaribu kuokoa kinachookoleka katika faili mbovu. Mimi huitumia kwa kuchungulia tu. Inachokupa ni dhana ya programu kuhusu nia ya mwandishi, na katika mfano wetu wa juu ingemfanya mwandishi kuwa sehemu ya jina la kitabu, kisha ukaguzi unaofuata ungepita kwa amani. Ikikulazimu kuihifadhi, ihifadhi kwa jina jingine, na uilinganishe na ya asili mstari kwa mstari.

Ukikutana na faili kubwa mno ikakataliwa kwa sababu ya kuvuka kikomo, usiihesabu kuwa mbovu. libxml2 ina vikomo vya usalama vya kuizuia faili yenye hila isiimeze kumbukumbu ya kompyuta, na --huge huviondoa. Ila usiviondoe kwa faili ambazo hujui zimetoka wapi.

Anza na ile amri ya find leo, kisha unitumie mistari michache ya mwanzo ya makosa.txt pamoja na sehemu za faili zinazotajwa humo, kuanzia ile tagi iliyofunguliwa hadi mahali palipolalamikiwa. Nikivipata vyote viwili nitaweza kukujibu bila kukuuliza tena.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.