Anotesheni haijapotea, klasi ndiyo iliyobadilishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaoandika huduma za wavuti kwa Java kuhusu jambo lililotupotezea saa nyingi: anotesheni, yaani alama inayoanza na @, imeandikwa wazi juu ya klasi, kila mtu anaiona, lakini programu ikiulizwa wakati inaendeshwa hujibu kwamba haipo. Wanaoanza kazi hii hushauriwa wairudie anotesheni hiyo kila mahali mpaka ionekane, nami naona ushauri huo unalifunika tatizo tu.

Nitaeleza yaliyonikuta. Niliandika kichujio kinachotangulia mbele ya huduma na kukagua kama klasi inayoitwa ina anotesheni yetu ya kudai ruhusa ya msimamizi. Ikiwapo, ruhusa inadaiwa, isipokuwapo, ombi linapita. Kilifanya kazi kwa miezi kadhaa bila malalamiko. Siku moja mwenzangu akaongeza @Transactional, anotesheni inayoomba methodi iendeshwe ndani ya muamala wa hifadhidata, juu ya methodi moja ya klasi hiyo, badiliko la mstari mmoja ambalo hakuna aliyelitilia shaka, na tangu hapo kichujio kikawa kinampitisha kila mtu. Kumbukumbu za seva hazikuonyesha kosa lolote, wala hakuna jaribio lililofeli, kwa sababu majaribio yetu yaliiunda klasi moja kwa moja kwa neno new bila kupitia Spring, fremuweki tunayoitumia. Tuliligundua tulipoongeza mstari wa kuchapisha jina la klasi ya kile ambacho kichujio kilikuwa kimekishika: badala ya jina tulilolizoea, likatoka neno $Proxy likifuatwa na namba.

Kumbe tuliyekuwa tukimhoji si mwenye nyumba bali mjumbe wake, yaani proksi. Proksi hutengenezwa na fremuweki wakati programu inaendeshwa, ikawekwa mbele ya huduma halisi ili ifungue muamala kabla methodi haijaanza na kuufunga inapomalizika. Java imekuwa na njia ya kuunda proksi za namna hii tangu toleo la 1.3, kabla hata ya anotesheni zenyewe, ambazo ziliingia na toleo la 5 mwaka 2004. Proksi hiyo hutekeleza violesura tu (yaani orodha za methodi ambazo klasi huahidi kuwa nazo) na haina nasaba yoyote na klasi uliyoiandika, kwa hiyo anotesheni zilizo juu ya klasi hiyo haiwezi kuwa nazo. Klasi yetu ilitekeleza kiolesura, na Spring, kwa kukiona, ikachagua aina hii.

Aina ya pili ni ya CGLIB, maktaba ya kuunda klasi wakati programu inaendeshwa, ambayo proksi yake huwa klasi-mtoto ya klasi yako. Ukichapisha jina lake utaliona lile lako likifuatwa na alama mbili za dola na maneno yenye CGLIB ndani yake. Spring Boot, inayokuandalia mipangilio ya Spring, huitumia aina hii, usipoiagiza vingine, tangu toleo la 2.0, na wengi huamini kwamba hapo shida imekwisha. Haijaisha. Klasi-mtoto huirithi anotesheni ya mzazi iwapo tu anotesheni yenyewe imewekewa @Inherited, na alama hiyo haifanyi kazi yoyote kwa methodi wala kwa violesura. Methodi ikishaandikwa upya katika klasi-mtoto, kama proksi inavyofanya, ukiihoji ile ya mtoto huzioni anotesheni za ile ya mzazi.

Kwa hiyo la kwanza ni kuchapisha jina la klasi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Likiwa jina la kawaida, proksi haihusiki. Tazama @Retention, inayosema anotesheni idumu hadi lini, maana anotesheni isiyowekewa RUNTIME haisomeki programu inapoendeshwa. Likiwa la proksi, iulize Spring klasi halisi kwa AopUtils.getTargetClass, au AopProxyUtils.ultimateTargetClass pale proksi moja inapoificha nyingine, kisha utafute anotesheni kwa AnnotationUtils.findAnnotation, ambayo hupanda mpaka kwa wazazi na violesura. Kuianza hiyo ya mwisho kwenye proksi yenyewe ya violesura hakusaidii, kwani njia ya kuifikia klasi yako haipo.

Huo ushauri wa kurudia una hatari nyingine kwa wanaotumia JAX-RS, kiwango cha Java cha kuandika huduma za wavuti kwa anotesheni. Kanuni zake zinairuhusu methodi irithi anotesheni za kiolesura, lakini ukiweka hata anotesheni moja ya JAX-RS juu ya methodi ya klasi, zile zote za methodi hiyo katika kiolesura hupuuzwa. Anayerudia @GET kwenye klasi na kuiacha @Path ya methodi katika kiolesura ameipoteza anwani kwa mkono wake mwenyewe, kisha atashinda akiilaumu proksi kwa jibu la 404, yaani anwani haikupatikana.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu, na halikuhusu Spring: nilikiandika kichujio kiuchukulie ukimya kuwa ruhusa. Kabla ya kurekebisha namna ya kuipata klasi halisi, tulikigeuza kwanza kikatae kila huduma ambayo hakikuona juu yake anotesheni ya kudai ruhusa wala ya kutangaza kwamba iko wazi kwa wote. Tulipokiwasha, kikakataa huduma nyingine mbili, zote zikiwa nyuma ya proksi, ambazo hakuna miongoni mwetu aliyejua kwamba mlango wake ulikuwa wazi.

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu