Dereva mlevi apimwe usiku ule ule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani, mama wa makamo, kibanda changu kiko jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Jumamosi moja ya Desemba, saa tatu kasoro usiku, nilikuwa nimefunga kazi, navuka barabara kwenye kivuko na jora la kitambaa cha sare za shule begani. Gari dogo jeupe halikusimama. Nilisikia breki, kisha nikajikuta chini, mguu wa kulia umepinda pasipo na goti.

Kijana aliyekuwa akiendesha alishuka huku ameshikilia mlango. Alinuka pombe hata mimi niliyelala kwenye lami niliisikia. "Shikamoo mama, nisamehe, tumalizane hapa hapa." Akatoa laki mbili. Watu wakanisihi nipokee, eti polisi ni usumbufu, na kijana mwenyewe ana mtoto mchanga. Nilikataa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na muundi uliovunjika hauungi kwa laki mbili.

Dereva mmoja wa bodaboda, Mungu amlipe, alipiga picha namba za gari, stika ya bima kwenye kioo, na gari lenyewe kabla halijasogezwa. Akachukua na namba za simu za watu wawili walioona. Picha zile ndizo zinazonibeba mpaka leo.

Trafiki walikuja, wakapima barabara, wakachora ramani yao. Nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, nikakimbizwa hospitali. Mwanangu alibaki kituoni, na mara tatu aliuliza mbona dereva hapimwi. Akajibiwa kifaa kiko doria, arudi asubuhi. Asubuhi, saa tatu, kijana akapuliza. Kikasoma sifuri.

Siku ile nililia kuliko nilivyolia kwa maumivu ya mguu. Baadaye daktari aliyenifunga hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, alinieleza jambo ambalo natamani kila msomaji wako alijue. Mwili huondoa pombe kwenye damu kwa wastani wa miligramu 15 hivi kila saa, katika kila mililita 100 za damu. Kiwango ambacho dereva wa gari binafsi hapaswi kukizidi ni 80. Aliyenigonga angekuwa na 110 saa tatu usiku, ilipofika saa tano tayari angekuwa kwenye 80. Alipoachiwa mpaka asubuhi, saa 12 nzima, hata mtu mwenye 170 angekuwa mkavu. Yaani ushahidi wangu ulikuwa ndani ya mwili wake, nao ukapelekwa nyumbani kulala. Hati ya mashtaka imeandika uendeshaji wa uzembe, na neno pombe halimo kabisa.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukigongwa, au ukiwa na mgonjwa wako, mwambie askari kwa adabu lakini mbele ya watu: "Afande, naomba dereva apimwe sasa, na muda wa kupimwa uandikwe." Kama kifaa hakipo, omba apelekwe hospitali achukuliwe damu. Usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Waombe mashahidi waseme waliyoyaona wenyewe: alivyoyumba, alivyonuka, chupa iliyokuwa kwenye kiti. Maneno hayo yaingie kwenye maelezo yao kabla hawajatawanyika.

Siku ya nne wodini alikuja mjomba wa kijana na laki tano na karatasi iliyochapwa vizuri, kwamba nimesamehe na sitadai chochote mahali popote. Nilimwambia kusamehe nimeshasamehe, lakini saini siweki. Bima ya mtu wa tatu imewekwa na sheria kwa ajili ya mtu kama mimi niliyekuwa natembea zangu, na ile karatasi ingenifungia mlango huo. Mwanangu aliingiza namba za gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, akaona bima ni hai na ni ya kampuni ipi. Risiti zote, hata za bajaji ya kwenda kliniki, naziweka kwenye mfuko mmoja. Msaidizi wa kisheria wa hapa mtaani ameniambia nina miaka 3 tangu siku ya ajali ya kufungua madai ya fidia mahakamani, ila nisingoje.

Msimu wa sare wa Januari ulinipita nimeninginiza mguu. Wateja walikwenda kwa mafundi wengine, na siwalaumu, watoto lazima waende shule.

Namwomba mkuu wa polisi wa usalama barabarani mkoani kwetu anijibu kwenye kurasa hizi hizi: gari likimjeruhi mtu usiku, ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha dereva amepimwa kabla ya kuachiwa? Na kituo kisicho na kifaa kinatakiwa kufanya nini saa hiyo?

Fundi cherehani,
Msamvu, Morogoro