Rekodi Itajwe Pamoja na Mpigaji na Mwaka Wake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya gazeti lako kuhusu rekodi mashuhuri za muziki wa klasiki wa Ulaya. Nashukuru kwamba mambo haya yanapewa nafasi katika gazeti linalosomwa huku pwani. Hata hivyo, sikubaliani na ushauri kuwa anayeanza kusikiliza anunue rekodi mpya kabisa, kwa hoja kwamba za zamani zina mikwaruzo na kazi yenyewe ni ile ile. Kazi iliyoandikwa ni ile ile, lakini rekodi ni tendo la mtu fulani, siku fulani, mahali fulani, na ndiyo maana haifai kupendekezwa wala kurushwa hewani bila mambo hayo kutajwa.

Tumchukue mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, na kazi ya Bach, mtunzi wa Ujerumani, inayoitwa Goldberg, iliyochapishwa mwaka 1741. Kazi hiyo huanza kwa kipande kifupi kiitwacho Aria, hufuatwa na vipande 30 vinavyoigeuza kwa namna mbalimbali, kisha Aria hurudi mwishoni. Gould aliirekodi New York mwaka 1955 akiwa na miaka 22, akairudia katika studio ile ile mwaka 1981. Ya kwanza huchukua takriban dakika 38, ya pili 51. Tofauti hiyo ya jumla peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mara ya pili alirudia baadhi ya sehemu ambazo ujanani alizipiga mara moja tu. Lakini sehemu za Aria ya mwanzo alizipiga mara moja moja tu katika rekodi zote mbili, na hapo ndipo msikilizaji apaswapo kutega sikio: mwaka 1955 inamalizika kwa dakika 1 na sekunde 53, na mwaka 1981 kwa dakika 3 na sekunde 5. Noti ni zile zile na mikono ni ile ile, ila mwaka 1981 kila noti inaachwa ikae mpaka ikamilike ndipo inayofuata iguswe. Katika zote mbili anasikika akiimba kwa sauti ya chini huku anapiga. Gould alifariki Oktoba 1982. Nani atathubutu kusema kwamba iliyo mpya imeifuta ya zamani? Mimi huzisikiliza zote mbili, na nikilazimishwa kuchagua nitachukua ile ya 1981.

Ama kuhusu mikwaruzo, Pablo Casals wa Uhispania alizirekodi kazi sita za Bach za chelo, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kukaa, kati ya 1936 na 1939, London na Paris, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nchi yake ilikuwa ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sahani za santuri za wakati huo hazikubeba zaidi ya dakika nne na kitu kila upande, kwa hiyo muziki ulilazimika kukatwa kwa kadiri ya nafasi hiyo. Wapo mafundi wanaozisafisha rekodi hizi mpaka mvumo wote ukatoweka, lakini kichujio kinachoondoa mvumo huondoa pia ukali wa upinde juu ya uzi na vishindo vidogo vya vidole vya Casals vinapobonyeza nyuzi. Afadhali nivumilie mikwaruzo kuliko kuletewa chelo isiyo na pumzi.

Haya yanatuhusu hapa Lamu moja kwa moja. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na marehemu Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa hapa hapa Lamu, ametuachia nyimbo nyingi katika kanda. Leo nyimbo hizi huruka kutoka simu hadi simu bila jina la mpiga fidla wala la mtunzi wa shairi, na kituo kimoja cha redio ninachokisikiliza kila jioni huzitangaza zote kwa maneno mawili tu, "taarabu asilia". Baya zaidi, sahani iliyokusudiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika ikinakiliwa kwa kasi iliyozidi, sauti ya mwimbaji hupanda na mwendo hukimbia. Kijana anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani hivyo ndivyo walivyoimba wazee wetu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Makala zijazo zitaje kila rekodi kwa jina la mpigaji, mwaka na mahali iliporekodiwa, hata kama nafasi ni finyu. Na wenye santuri na kanda majumbani, Lamu, Malindi na kwingineko, wanakili kwanza yale yaliyoandikwa kwenye lebo na kwenye jalada kabla hawajampelekea fundi, maana karatasi hizo katika unyevu wa pwani huchakaa kabla ya sahani yenyewe.

Wako msomaji,
Mpenzi wa muziki,
Langoni, Lamu