Ofisini kwetu mdogo ndiye anayeanza kusema

Sisi ni wasanifu majengo. Wateja hutuuliza tunaongozwa na misingi gani, nasi huona haya kuwapa orodha. Uadilifu, ubunifu, ushirikiano: nani asiyeyabandika hayo ukutani? Afadhali tuwasimulie kosa letu.

Tuliwahi kuchora zahanati. Vyumba vilifuatana vizuri na sisi wakubwa tukajisifu. Siku ya kuwaonyesha wakazi, mama mmoja aliufuatisha mchoro kwa kidole, kutoka mlangoni hadi kwa daktari, akauliza, "Na sisi tunaosubiri, tutakaa wapi?" Tulikuwa tumeacha ujia tu, watu wawili wakipishana wanagusana mabega. Kilichotuuma zaidi tulikijua baadaye: kijana wetu wa michoro alikuwa ameliona kosa hilo wiki mbili kabla, akanyamaza, kwa kuwa mkuu wa ofisi alishasema ramani imekamilika.

Tangu hapo, kila tunapopitia michoro, mdogo kabisa ndiye anayeanza kusema. Mkuu husema mwisho. Vikao vimerefuka, hatukatai, na kuna siku mkuu hujing'ata ulimi.

Kusikiliza nako kuna mahali pake. Msanifu Mwingereza Ralph Erskine alipopewa kazi ya kuujenga upya mtaa wa Byker, mjini Newcastle, Uingereza, ofisi yake ilihamia mtaani humohumo, kwenye jengo lililokuwa la shughuli za mazishi, na wakazi wakawa wanaingia kuuliza habari za nyumba zao. Msanifu Hassan Fathy naye, kule Misri miaka ya 1940, alijenga kijiji cha New Gourna kwa matofali ya udongo, kazi inayosifiwa hadi leo. Lakini wengi wa waliojengewa walikataa kuhamia. Ustadi peke yake haukutosha.

Habari mbaya za gharama tunazitoa mapema, na anayezitoa ni mkuu mwenyewe, hamtumi karani. Kuhamisha dirisha kwenye karatasi ni kazi ya kifutio. Linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ikishamwagwa, ni kazi ya nyundo, na nyundo hiyo unailipia wewe. Mara nyingine tunamwambia mteja asijenge kabisa, akarabati alichonacho. Hapo tunapoteza kazi, basi.

Kwa hiyo kwenye kikao cha kwanza usije na mwenyekiti wa kamati peke yake. Mlete na atakayelifagia jengo. Tutaanza kwa kumuuliza yeye ndoo na mafagio yake atayaweka wapi.