Jezi ya Zanzibar haitoki

Ndugu Mhariri,

Jumamosi baada ya tarawehe nilimchukua mjukuu wangu, tukateremka sokoni Darajani kutafuta nguo za sikukuu. Kosa langu mwenyewe, kumi la mwisho limeshaingia na wenye akili zao walinunua tangu Shaabani. Pale huendi kwa miguu yako, unapelekwa na watu. Bei nazo sitaki kuzizungumza, kila mtu anazijua.

Kwetu mtoto wa kiume asubuhi ya Idi huvaa kanzu na kofia akaenda kusali. Jioni huvua, akavaa za kutembelea, aende viwanjani Kariakoo yetu ya hapa Unguja na pesa zake alizokusanya kwa kupitia jamaa. Kanzu tuliipata. Za jioni mjukuu alizitaka jezi. Meza ya kwanza Simba na Yanga, ya pili Yanga na Simba, ya tatu wakaongezeka Messi na Ronaldo. Nikamuuliza kijana muuzaji, "Mwanangu, ya Zanzibar unayo?"

"Hiyo haitoki, babu."

"Umeshaileta ukaona haitoki?"

Akacheka. Mzigo wake anafungasha Kariakoo ya Dar, akasema, na kule haipo. Sikumlaumu. Yeye anatafuta riziki, hakuwekwa pale kulinda bendera.

Ninaowalaumu ni wakubwa. Wanasiasa wetu, wa kijani wa CCM na wa zambarau wa ACT, wakitaka kupigiwa makofi hawakosi kuitaja CAF, shirikisho la soka la Afrika. Na kweli lile ni donda. Machi 2017 tulipokewa kule Addis Ababa kuwa mwanachama kamili wa 55, watu wakashangilia barabarani. Julai ya mwaka ule ule tukatolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Hoja ile mpaka leo tunaijibu kwa hotuba. Vijana wa timu yetu waliijibu Disemba ya mwaka huo, Kenya, kwenye Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati: wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda kwenye nusu fainali, wakaenda sare ya 2-2 na wenyeji kwenye fainali na kushindwa kwa penalti tu. Wiki zile, lau ungetandika jezi za Zanzibar hapo Darajani, ungemaliza mzigo kabla ya adhuhuri.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi likapelekwa Gombani, Pemba, na safari hii zikacheza timu za taifa badala ya klabu. Tukaifunga Burkina Faso 2-1, kombe likabaki nyumbani. Burkina Faso, Mhariri, si timu ya mtaa wa pili! Kombe la mwisho la maana kabla ya hapo, kwa hesabu zangu, ni Chalenji ya 1995. Baina ya makombe hayo mawili kuna miaka 30, yaani kuna watu wazima wenye watoto ambao hawakuwahi kuiona Zanzibar ikibeba kitu. Na hao ndio wanaowanunulia watoto jezi.

Sasa niambieni, timu ikishachukua kombe lile, nani alikwenda kwa mafundi cherehani wa Mchangani akawaambia shoneni, nembo hii hapa, size za watoto mwanzo? Kitambaa cha buluu kipo, cheusi kipo, cha kijani kipo. Ruhusa ya kutumia nembo ni karatasi moja na muhuri. Fundi wangu niliyemwendea Jumapili alikubali kushona, ila akaogopa nembo: atauliza wapi, na akishtakiwa je? Na huna la kumsahihisha.

Wengine watasema mzee huyu mpinga Muungano. La. Mimi Yanga tangu sijaota ndevu, na Bara ikicheza na watu wa nje naishangilia mpaka sauti inakauka. Lakini mtoto wa miaka 8 hawezi kuipenda timu anayoisikia kwenye hotuba tu. Wakubwa, kabla hamjarudi tena Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kuulizana habari za FIFA, wahusika wa soka letu watoe hiyo karatasi.

Mjukuu tulirudi naye na kanzu peke yake. Simba nilimkatalia, Yanga akaikataa yeye. Za jioni bado ananidai, na Idi ndiyo hii inabisha hodi.

Mzee wa Mikunguni,
Unguja