Kaka anataka kuja Tabora na dawa yake ya bangi, nimweleze vipi anielewe?

Mshauri wetu, salaam.

Naandika kutoka Isevya, Tabora mjini. Baba yetu amefariki, na kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Toronto na ameshachukua uraia wa kule, anakuja kwa ajili ya arobaini. Kaka anaumwa mishipa ya fahamu. Usiku misuli ya miguu inamkakamaa hata kujigeuza kitandani hawezi. Vidonge alivyopewa mwanzo vilimlaza mchana kutwa, maumivu yakabaki palepale, ndipo daktari wake akamwandikia mafuta ya bangi. Anadondosha matone chini ya ulimi, anapata usingizi. Kaka hajawahi hata kuvuta sigara, na nawaomba wasomaji wasimchukulie kama mhuni.

Sasa anataka kuja nayo. Amenitumia picha: chupa ndogo ya kahawia, kwenye lebo kuna jina lake, jina la daktari, tarehe, na miligramu zilizomo kwenye kila mililita. Akanirekodia sauti WhatsApp: "Mdogo wangu, hii si ya vichochoroni, ina karatasi zote." Namwelewa. Kanada bangi ya matibabu inaruhusiwa tangu 2001, na tangu Oktoba 2018 hata ya starehe ni halali kwa mtu mzima. Aliyezoea kuletewa dawa mlangoni kama mzigo wowote ule haoni kwa nini chupa hiyohiyo imfunge.

Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo hofu inavyoongezeka. Kanada yenyewe inakataza kuvusha bangi mpakani, iwe kuingia au kutoka, hata kama una cheti cha daktari, hata kama unakokwenda inaruhusiwa. Kwa hiyo kosa linaanzia Toronto. Atabadilisha ndege Addis Ababa, na Ethiopia nako ni marufuku. Akishuka Dar es Salaam anakutana na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Bangi imo, na kuingiza nchini kunahesabika ni kusafirisha. Vifungo vya miaka 30 kwa kusafirisha bangi tunavisikia kwenye taarifa ya habari. Hapo bado safari ya basi mpaka Tabora, na vizuizi vya polisi njiani.

Nilimkumbusha yule mchezaji wa kikapu wa Marekani, Brittney Griner. Februari 2022 alikamatwa uwanja wa ndege Moscow na mafuta ya bangi yasiyofika gramu moja. Naye alikuwa na barua ya daktari kutoka Arizona. Mahakama ikampa miaka 9, akatoka Desemba ile kwa kubadilishwa na mfungwa Mrusi. Kaka akikamatwa, nani atambadilisha na nani?

Alipoona nimeshikilia msimamo, akaja na wazo lingine: aitume mapema kama kifurushi, mpokeaji niwe mimi, ndani ya boksi la vitamini. Hapo nilikosa usingizi. Mzigo utakuwa na jina langu na namba yangu ya simu. Nina watoto wawili na kazi ya ualimu. Nilimkatalia, naye tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato, ananiona sina huruma.

Baba mdogo anasema nimwache, mgonjwa hafungwi, wakiona fimbo yake na karatasi watampisha. Anasema kwa nia njema, lakini sheria sijaona mahali inaposema hivyo. Mama hajui lolote. Akisikia neno bangi ataona aibu mbele ya majirani kabla hata hajauliza mwanawe anaumwa nini, na bado yuko eda.

Naomba mnisaidie. Je, daktari wake anaweza kumpangia dawa nyingine halali kwa wiki hizo chache, aanze kuizoea akiwa bado kule, ili asije akaikatisha ile ghafla na kuzidiwa hapa? Nikienda hospitali ya mkoa, Kitete, kuuliza wana dawa gani ya kulegeza misuli, nieleze ukweli wote au nitaje ugonjwa tu? Kuna aliyewahi kuuliza ubalozi au Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kabla ya safari akajibiwa kwa maandishi? Naamini jibu lenye mhuri kaka atalisikiliza kuliko mdomo wangu.

Halafu kubwa zaidi: mdogo anamwambiaje kaka yake mkubwa, aliyelipa ada yake mpaka chuo, kwamba dawa inayomlaza usiku aiache Toronto? Tiketi ameshakata, na arobaini ni mwezi ujao.

Dada wa Isevya, Tabora