Rangi inang'aa, lakini chini yake nani kaangalia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe la moyoni kuhusu magari ya mkononi na hizi kazi za bodi zinazofanyika kwenye magereji, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu siku nilipovuta zulia la buti la gari yangu.

Gari yenyewe niliinunua kama wengi wetu tunavyonunua. Nikaizunguka, nikafungua boneti nikasikiliza injini, nikaangalia kilometa, nikajaribu AC na vioo, nikaona rangi inang'aa mpaka unajiona sura, nikalipa. Na muuzaji nilimuuliza kabisa, kaka, hii gari imeshawahi kugongwa? Akaniambia haijawahi hata kukwaruzwa. Miezi ya mwanzo kimya, gari inatembea vizuri. Ikaja mvua ya siku mbili mfululizo, nikaanza kusikia harufu ya ukungu, kila nikifungua mlango inanipokea, nikaosha viti wapi, nikabadilisha filta ya AC wapi, basi siku moja nikasema leo natoa kila kitu. Nikatoa tairi ya spea, nikavuta zulia, chini yake maji yametuama. Nikayakausha kwa tambara, ndo nikauona mshono. Mshono mmoja umekatisha sakafu yote ya buti kutoka ubavu hadi ubavu, umechomelewa, ukasagwa na grainda, halafu ukafunikwa na ile dawa nyeusi nene kama lami ili uonekane kama wa kiwandani. Nikaikwangua kwa bisibisi, ikabanduka vipande vipande, chini yake kutu, na sehemu mbili ambazo chuma hakikushikana kabisa, kidole kinaona tundu. Yaani nyuma ya gari yangu ilikatwa kwenye gari nyingine ikaja kuungwa hapa.

Wanangu wanakaa siti ya nyuma, Mhariri. Hatua moja tu kutoka kwenye ule mshono.

Sasa nieleweke vizuri, mi sina ugomvi na gari iliyogongwa. Gari ni chombo cha barabarani, leo wewe umegonga kesho umegongwa, na gari iliyopata ajali ikatengenezwa inavyotakiwa na fundi anayejua inarudi barabarani na inadumu miaka. Kinachoniuma ni kufichwa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe wenye magari tumewazoesha mafundi kupimwa kwa rangi. Tukienda kuchukua gari gereji tunaangalia nini? Rangi imefanana? Bampa imekaa sawa? Mlango unafunga bila kelele? Tunashukuru tunaondoka. Hakuna anayeuliza ndani umefanya nini, umenyoosha au umebadilisha, umechomelea kwa mashine gani, puti (ile dawa ya kujazia mabonyeo kabla ya rangi) ina unene gani. Fundi akitumia siku tatu kurudisha chuma mahali pake na mwenzake akatumia siku moja kujaza puti, wa siku moja ndo tunamsifia, na bei yake ndo tunaipenda.

Halafu kuna haya maneno nayasikia kila mahali, eti magari ya zamani yalikuwa chuma kweli, haya ya sasa ni mabati, ukiyagusa yanakunjika. Maneno haya yanapotosha na ndo yanazaa matengenezo mabovu. Gari ya sasa inakunjika mbele na nyuma kwa makusudi, imeundwa hivyo, ili nguvu ya mgongano iliwe na chuma kabla haijafika kwa mtu, na kile chumba cha abiria katikati kibaki kigumu. Wazo hilo alilisajili mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 kampuni hiyo ikatoa gari iliyojengwa hivyo. Na kwa anayebisha, mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, ambayo kazi yake ni kugongesha magari kupima usalama, iliigonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikiwa mwendo wa kilometa 64 hivi kwa saa. Ile ya zamani, kubwa na nzito kwa macho, chumba cha dereva kiliporomoka na usukani ukamfuata yule mwanasesere wa majaribio. Kwenye Malibu chumba kilibaki kimesimama, na dereva angetoka na majeraha ya mguu tu.

Kwa hiyo fikiria, ile sehemu iliyotengenezwa ikunjike kwa mpangilio ikishakunjika mara moja imemaliza kazi yake. Ukiivuta ukainyoosha kwa nyundo ukaifunika na puti, kwa macho imerudi, ila siku ya pili ikipigwa haitakunjika kama mwanzo, inaweza kukunjika mapema mno au ikapitisha nguvu yote kwenda ndani. Na kuna vile vyuma vigumu sana vinavyowekwa kwenye nguzo za milango na pembeni mwa paa, vile ukivipasha moto ili uvinyooshe vinapoteza ugumu wake palepale, ndo maana watengenezaji wengi wanakataza kabisa kuvichoma na kuvinyoosha, wanataka vikatwe sehemu maalumu na kuwekwa vipya. Ukiangalia kwa nje huwezi kujua kama fundi alipasha moto au la. Rangi inafunika yote.

Kuna kesi moja ya Marekani inanirudia kichwani kila nikikumbuka mshono wangu. Watu wawili, mke na mume, walinunua Honda Fit ya 2010 ikiwa ya mkononi, hawajui kwamba kabla yao paa lilibadilishwa baada ya kupigwa na mvua ya mawe, na gereji ikalibandika kwa gundi wakati Honda walitaka lichomelewe. Mwishoni mwa 2013 wakagongana na gari nyingine, bodi ikashindwa kuhimili, gari ikashika moto, wakaumia vibaya sana. Mwaka 2017 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani huko Dallas likaiambia ile gereji ilipe dola milioni 31.5. Kwa nje lile paa halikuwa na kasoro yoyote! Na walioumia siyo waliolipeleka gari gereji, ni walionunua baadaye bila kuambiwa. Hapo ndo mi nalia napo.

Basi wenzangu mnaotaka kununua gari, rangi iacheni iwe ya mwisho kuangaliwa. Vuteni ile raba ya mlango inayozunguka fremu, inatoka kwa mkono na inarudi. Chini yake kwenye gari isiyoguswa mtaona vidoti vidogo vimebonyea kwa mpangilio, nafasi kati ya kimoja na kingine karibu sawa, hivyo ni vichomeo vya mashine ya kiwandani. Mkikuta vimepotea upande mmoja, pamesagwa pakawa laini, au pana mstari wa kuchomelea, ulizeni. Nyanyueni zulia la buti, hili nasema kwa uchungu maana ingenichukua dakika mbili tu. Tembezeni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, kwenye chuma inashika, penye puti nene inalegea au inaanguka (ila mjue kuna boneti na milango mingine ni ya alumini au plastiki, huko haitashika kabisa hata kama ni mpya). Angalieni bolti za fenda na boneti, kama rangi yake imechubuka kwenye kona basi kuna spana imepita hapo.

Na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali, msisahau. Ukiwasha swichi taa yake kwenye dashibodi lazima iwake sekunde kadhaa halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa usifurahi ukadhani gari nzima, kuna watu wanatoa balbu au wanaiunganisha na taa nyingine ili isikusumbue, na ndani ya usukani eabegi iliyofumuka haikurudishwa, kumewekwa kifuniko tu. Mikanda pia, vuta mpaka mwisho uone kama ina mawimbi au imeunguzwa na msuguano, maana kwenye magari mengi mkanda uliofyatuka kwenye ajali unabadilishwa, haurudishwi.

Kwa wauzaji na mafundi nina ombi moja, na kama wenye mamlaka ya usalama barabarani na makampuni ya bima wanasoma, wao waligeuze liwe sharti. Gari ikitengenezwa baada ya ajali itoke gereji na karatasi na picha. Picha kabla ya kuguswa, picha chuma kikiwa wazi kabla ya puti na rangi, na kilichobadilishwa kiandikwe, nguzo, chesisi, eabegi, mkanda. Kila fundi sasa hivi ana simu yenye kamera mfukoni. Hiyo karatasi iifuate gari kwa kila anayeinunua. Bima nao waache kumbana fundi atumie njia ya bei rahisi halafu mwenye gari anaambiwa kila kitu kiko sawa, kwa sababu bima inafunga faili lake siku hiyohiyo, ila mwenye gari anaishi na ule mshono. Na fundi mzuri hana cha kuogopa hapo, tena ndo atapata malipo yake anayostahili, sasa hivi anashindanishwa na mtu wa puti wakati kazi zao hazifanani hata kidogo.

Mi yule muuzaji nilimrudia, akaniambia na yeye aliinunua hivyohivyo, na huenda ni kweli. Gari nikaipeleka kwa fundi mwingine, nikamwambia nataka nione kila hatua hata kama itachukua mwezi. Ikachukua wiki tano. Ile sakafu ilitolewa ikawekwa upya, ikaungwa pale mtengenezaji anaposema paungwe, kipimo cha chesisi kikachukuliwa kabla na baada. Picha zote nimeziprinti, ziko kwenye bahasha pamoja na kadi ya gari, na atakayeinunua kwangu atapewa ile bahasha kwanza kabla hajaiona rangi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwenye gari ya mkononi